Osaka na mama mwenye maumivu ya magoti: tukae Umeda au Namba?

Binti wa Chumbageni
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwezi wa Aprili, Mungu akipenda, nitampeleka mama Japani kwa siku saba kumtembelea mdogo wangu anayesoma Kobe, ambaye anaishi bwenini na kwa hiyo hawezi kutupokea. Tutatua uwanja wa Kansai jioni kupitia Dubai, na nimeona tulale Osaka, ambako hoteli ni nyingi zaidi. Kila ninayemuuliza hunitajia Umeda au Namba, na kila mtu husifia alikolala yeye. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, anakula halali, na ameapa kwamba harudi Tanga bila kuwaona kulungu wa Nara, mji wa jirani. Ni mtaa upi utakaomfaa yeye, wala si mimi?

Mzee wa Mnada
Marahaba, binti yangu. Mimi ningechagua Namba. Treni za Nankai hutoka uwanjani hadi hapo bila kubadilisha, na ile ya haraka iitwayo Rapi:t huchukua kama dakika 40, kila abiria akiwa na kiti chake. Kwenda Nara, utapanda treni ya kampuni ya Kintetsu papo hapo Namba na kushukia huko baada ya dakika 40 hivi. Ila msilale Dotonbori penyewe, ule mtaa wa starehe wa kando ya mfereji hapo Namba. Nilipokwenda kununua magari nilipewa chumba kinachotazama mfereji, na kwa sababu ya mabango ya taa shuka langu lilikuwa likigeuka jekundu, kisha buluu, hadi usiku wa manane.

Nyangumi
Kwa heshima zote, Mzee wangu, naona tumemsahau yule mwanafunzi. Nara mama atakwenda mara moja, lakini kwa mwanawe atataka kwenda karibu kila siku, na Kobe iko upande wa Umeda. Kituo cha kampuni ya reli ya JR kiitwacho Osaka kiko hapo hapo Umeda, ingawa majina yanachanganya, na treni yake ya haraka isiyodai nyongeza ya nauli hufika Sannomiya, katikati ya Kobe, kwa dakika 20 na ushei. Tangu Machi 2023 hata Haruka, treni ya kutoka uwanjani, husimama kituoni hapo. Tena msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935 na ambao ndio wa kwanza Japani, hauko mbali na Sannomiya, na jirani yake mama atapata chakula cha halali.

Ubaya wa Umeda ni njia zake za chini ya ardhi. Siku ya kwanza nilizunguka huko nusu saa nikiburuta sanduku, nikapita duka lile lile la mikate mara tatu, na nilipopata njia ya kutokea nikakuta ngazi tupu. Kwa hiyo usiulize hoteli iko mita ngapi kutoka kituoni. Waandikie kabla ya kulipa, uwaulize lifti ya kituo iliyo karibu nao ni ipi, na kutoka hapo hadi mlangoni kwao kuna ngazi ngapi.

Kijana wa Feri
Dada, kama fedha ni tatizo, angalia Shin-Imamiya. Nankai na JR zote husimama hapo na vyumba ni vya bei nafuu, ingawa nilikolala mimi bafu lilikuwa la pamoja na godoro lilitandikwa sakafuni.

Mzee wa Mnada
Magoti na godoro la sakafuni, kijana wangu? Nani atamwinua huyo mama alfajiri? Kuhusu Kobe, Nyangumi amenishinda.

Nyangumi
Jambo moja zaidi: omba chumba chenye vitanda viwili, ukiandika hivyo waziwazi. Chumba cha watu wawili katika hoteli ndogo za huko mara nyingi huwa na kitanda kimoja chembamba kilichosukumwa ukutani, kiasi kwamba wa ndani hawezi kutoka bila kumruka wa nje.

Binti wa Chumbageni
Nawashukuru nyote. Niliziandikia hoteli mbili za Umeda swali la lifti. Ya kwanza ilinitumia tangazo la kifungua kinywa. Ya pili ilinitumia ramani iliyochorwa kwa kalamu, yenye mshale mwekundu kutoka kwenye lifti hadi mlangoni na maneno kwamba hakuna ngazi hata moja. Nimelipia hiyo, vitanda viwili. Siku ya Nara tutapanda treni ya chini ya ardhi ya Midosuji hadi Namba, kisha Kintetsu.