Tupeane uzoefu: Ulichukua mbwa wa mbegu gani, na mliwezana?

Mgeni wa Kibamba
Wadau, habari za Jumapili. Jana niko kwenye foleni barabara ya Bagamoyo, kijana kaja dirishani na katoto ka mbwa, masikio yamelala, tumbo limejaa minyoo, anaapa ni German Shepherd halisi. "Masikio yatasimama akishabadilisha meno, bosi." Nusu nitoe hela. Nikamkumbuka yule wa mzee wangu Morogoro, masikio yake tuliyasubiri mpaka akafa.
Sasa nimehamia kwangu. Ukuta upande mmoja haujaisha, natoka alfajiri narudi usiku, na nina mtoto wa miaka minne. Nyie mlichukua mbegu gani, na mliwezana nayo vipi?

kipara wa mbezi
Chukua koko. Funga uzi.

Mama Pacha
Mimi nilitaka wa urembo, nikachukua Maltese mweupe pee. Hayo manyoya usipoyachana kila siku yanajisokota mpaka yanavuta ngozi. Tunakoishi ni vumbi jekundu, mvua ikinyesha ni tope. Mwisho nikamnyoa kabisa, wageni wakawa wanauliza huyu sungura tumemtoa wapi. Ila kubweka anabweka! Hata jani likidondoka utajua.

Njiro Juu
Malinois. Nilimwona akifanya kazi na askari, nikasema na mimi nitakuwa naye. Akala kiti cha gari, akala mpira wa kumwagilia, akamalizia mlango wa banda. Yule hakuzaliwa kukaa, bila kazi anajitafutia mwenyewe. Sasa nakimbia naye kila alfajiri hadi kilimani na kurudi, nikirudi namfichia mpira autafute. Kitambi kimeisha. Mke wangu anasema mbwa ndiye anayenifuga mimi.

Msafiri wa Mikoani
Uzi huu umenitonesha. Kazi yangu ni ya kuzunguka mikoani, nyumba iko Goba. Walipoiba betri za sola nikasema sasa naleta kitu cha maana, nikanunua Boerboel kwa jamaa anayewazalisha. Mbegu ya makaburu hiyo, iliwekwa kulinda mashamba. Kalikuja kadogo, nikaondoka. Nikirudi nakuta kichwa kimekuwa kama cha ndama. Anayemlisha ni kijana wangu wa nyumbani: ugali wa dona, vichwa vya kuku, dagaa. Mimi ni wa kutuma hela tu.

Sasa safari moja natoka Bukoba, basi limeharibika njiani, nafika nyumbani saa nane usiku na mvua inanyesha. Simu ya kijana haipatikani. Funguo ninazo, nyumba ni yangu, nafungua geti dogo naingia. Nikasikiliza mnyororo. Hakuna mnyororo. Kuna pumzi tu, upande wa kulia, karibu na ndoo. Hakubweka hata mara moja, na hapo ndipo niliogopa. Nikamwita jina lake kwa sauti ya mwenye nyumba. Akainamisha kichwa, akanguruma kutoka chini kabisa mpaka nikahisi kwenye fizi.

Nikatupa begi. Akalirukia, ndani mna senene nilionunua Bukoba. Hiyo nafasi niliitumia kupanda mnara wa tenki la maji, na mimi ni mtu wa kilo 94. Nimekaa juu ya tenki langu, kwenye kiwanja changu chenye hati, mvua inanipiga hadi adhana ya alfajiri. Chini mtu anatafuna senene. Saa kumi na mbili kijana katoka na mswaki mdomoni, kapiga mluzi mmoja, mbwa kaenda kulala. Akaniangalia juu: "Bosi, si ungesema unakuja?"

Mbwa simlaumu. Alifanya kazi aliyoletewa.

Mama Pacha
😂😂😂 Senene wote?

Msafiri wa Mikoani
Na kopo lenyewe.

kipara wa mbezi
Mkuu, huyo kijana alikuwa anakusikia. Mshahara wake umelipa lini?

Msafiri wa Mikoani
Mshahara haujawahi kuchelewa.

kipara wa mbezi
Sijauliza kama umechelewa, nimeuliza umelipa lini.

Al Mtongani
Ndugu zangu, mbwa ndani ya nyumba hapana. Malaika hawaingii.

Njiro Juu
Nani kasema ndani? Tunaongelea banda. Wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo wameruhusiwa, au umesoma nusu?

Al Mtongani
Nimesoma yote. Akilamba chombo chako utakiosha mara saba, moja kwa udongo. Umewahi? Na wewe Maltese wako analala wapi, dada?

Mama Pacha
Nisikilizeni, mimi Mkristo, msiniingize.

Jirani Mwema
Fungueni uzi wenu huko. Mimi jirani yangu ni ustadhi. Niliongea naye kabla sijaleta mbwa, banda nikaliweka mbali na ukuta wake na njia ya kwendea msikitini. Hatujawahi kugombana. Kumuuliza jirani nako ni kuchagua mbegu.

Bwana Mifugo
Mleta mada, kwa ratiba yako usichukue Malinois wala Husky. Husky ni mbwa wa barafu, utamtesa na joto la Dar. Hao wenye pua bapa, Pug na Bulldog, nao joto linawakaba pumzi. German Shepherd mzuri, lakini waone wazazi wake wanavyotembea, mbegu ile ina shida ya nyonga. Rottweiler usimchezee kwenye ugonjwa wa parvo: anaharisha damu, na ukichelewa anakufa. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, unarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki ya 16. Kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3, halafu kila mwaka. Na kupe msiwachukulie poa.

kipara wa mbezi
Koko wangu hajawahi kuona sindano na yuko fiti. Anakula tunachobakiza.

Bwana Mifugo
Kichaa hakiulizi mbegu. Siku akimng'ata mtoto, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali hapohapo. Usisubiri kuona dalili, zikitokea hakuna tena dawa. Na mpeleke huyo mbwa akachanjwe wiki hii.

kipara wa mbezi
Sawa daktari. Kampeni za bure zikija nitampeleka.

Mgeni wa Kibamba
Kwa hiyo nichukue nani jamani?

Njiro Juu
Koko jike, mdogo, akue na mtoto.

Mama Pacha
Jike atakuletea madume ya mtaa mzima. Dume.

Jirani Mwema
Malizia ukuta kwanza.

Al Mtongani
Bata bukini. Wana kelele, na hawana najisi.

Njiro Juu
Hapo nakuunga mkono.

Mgeni wa Kibamba
Msafiri, yule Boerboel bado unaye? Unamtoa bei gani?

Msafiri wa Mikoani
Bei tutaelewana. Ila kumtoa getini siwezi, itabidi aje na kijana.

kipara wa mbezi
Kijana akija, mlipe yeye moja kwa moja.