Naomba ushauri: mama ana betri ya moyo, lakini mapigo yanakwenda mbio

Ndugu zangu, hasa mliosomea tiba ya moyo, naomba ushauri wenu.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, alipandikizwa pesimeka (hiyo betri ya moyo, kifaa kinachouchochea moyo upige) yenye nyaya mbili, mmoja katika chumba cha juu cha moyo na mwingine katika chumba cha chini, kwa kuwa umeme wa moyo wake ulikuwa haufiki chini. Kizunguzungu kilikwisha kabisa. Siku hizi, hata akiwa ameketi akichambua mchele, mapigo hupanda ghafla hadi 130 kwa dakika, hukaa hapohapo, kisha hutulia.

Daktari ameeleza kwamba huenda vyumba vya juu vinatetemeka ovyo na kifaa kinavifuata, au umeme unarudi juu kutoka chini na kifaa kinaudhania kuwa ni pigo jipya, hivyo mzunguko haukomi. Maelezo hayo yananiingia akilini, maana 130 ndicho kikomo cha juu cha mapigo kilichopangwa kwenye kifaa chake.

Kinachonitatiza ni kwamba ameandikiwa dawa ya kupunguza mapigo kabla kumbukumbu za kifaa hazijasomwa kwa mashine yake maalumu, ambayo hospitali ya kwetu haina. Je, tusafiri kwanza zikasomwe, au dawa ianze? Ikithibitika ni mtetemeko, je, anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, ilhali hana kisukari wala presha? Na ile sumaku ambayo madaktari huiweka juu ya kifaa ili kuukatiza mzunguko (sisi hatujathubutu), je, ni salama kuitumia nyumbani?