Ulinganisho: kitabu kipi cha uchumi kimfae msomaji wa kawaida?

Msomaji wa Tudor

Assalaam aleikum. Kikundi chetu cha kusoma hapa Tudor, Mombasa, kimezoea riwaya, na sasa wanachama wameomba kitabu cha uchumi. Miongoni mwetu yumo dereva wa tuktuk, mama anayeuza mitumba Kongowea na kijana aliyeajiriwa na wakala wa forodha bandarini. Hakuna aliyesomea uchumi chuoni, lakini wote wanataka kuelewa kwa nini unga hupanda bei huku mapato yao yakibaki pale pale.

Vilivyopendekezwa ni vitatu: Freakonomics cha Steven Levitt na Stephen Dubner cha mwaka 2005, 23 Things They Don't Tell You About Capitalism cha Ha-Joon Chang cha 2010, na Poor Economics cha Abhijit Banerjee na Esther Duflo cha 2011. Cha kwanza ndicho chepesi zaidi. Cha pili kimegawanywa katika sura fupi 23 ambazo mtu anaweza kuzisoma bila kufuata mpangilio. Cha tatu kinadai subira, kwa sababu waandishi wake hutandaza ushahidi kwanza ndipo watoe hukumu. Binafsi naelemea cha tatu, lakini naomba waliovisoma watueleze ni kipi kitamshika mtu anayesoma usiku baada ya kazi, ambaye kurasa 20 za mwanzo zikimchosha hatakirudia tena.

Mhasibu wa Makadara

Waaleikum salaam, Mwalimu. Anzeni na Freakonomics. Waandishi hao wanashika jambo moja, yaani motisha inayomsukuma mtu kutenda, kisha wanalifuata popote linapowapeleka, kuanzia walimu wa Chicago waliowabadilishia wanafunzi majibu ya mtihani hadi wapiganaji wa sumo nchini Japani.

Chukueni mfano wa vituo vya kulelea watoto nchini Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao, wakawekewa faini ndogo, na wachelewaji wakaongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa kile kilichokuwa aibu sasa kilikuwa kimepewa bei. Niliwasimulia kisa hicho akina mama wa chama ninachokitunzia hesabu pale Majengo, ambapo faini ya kuchelewa ni shilingi 50. Mweka hazina alisema papo hapo kwamba tangu faini iwekwe, wapo wanaoingia mkutano ukikaribia kwisha, wakaweka noti mezani na kuketi bila hata kuomba radhi. Mjadala uliozuka ulikuwa mrefu kuliko mkutano wenyewe, na hakuna aliyehitaji kuelezwa nadharia yoyote.

Mkunga wa Kisauni

Ndugu Mhasibu, mfano huo ni mzuri. Tatizo langu ni kwamba hoja iliyokipa kitabu hicho umaarufu zaidi ndiyo iliyopingwa zaidi. Waandishi wanadai kuwa kuhalalishwa kwa utoaji mimba nchini Marekani kulichangia pakubwa kupungua kwa uhalifu katika miaka ya 1990. Mwaka ule ule wa 2005, wachumi wawili wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani, Christopher Foote na Christopher Goetz, walionyesha kwamba hesabu za utafiti uliotegemewa zilikuwa na kosa la programu. Levitt alikiri kosa hilo lakini akaendelea kuitetea hoja yake. Msomaji wa kawaida, anayekunjua kitabu kitandani, ana njia gani ya kutambua kisa kilichosimama imara na kile kinachoyumba, ilhali vyote vimesimuliwa kwa ufasaha ule ule?

Poor Economics kinamheshimu msomaji kwa sababu kinamwonyesha jinsi jibu lilivyopatikana. Kazini kwetu mabishano kuhusu neti hayaishi. Mama mjamzito akija kliniki tunamkabidhi neti, tunaandika katika kijitabu chake cha mama na mtoto, na daima yuko mwenzetu anayesema kuwa cha bure hakithaminiwi. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima jambo hilo katika kliniki za magharibi mwa Kenya, ambapo baadhi zilichaguliwa kwa bahati nasibu kutoa neti bure na nyingine kuziuza kwa bei tofauti zenye ruzuku. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, kiwango cha waliochukua neti kilishuka kwa pointi 60 za asilimia, yaani watu 60 pungufu katika kila 100. Walionunua hawakuonekana kuzitumia zaidi ya waliopewa bure. Ukurasa kama huo mimi ninaweza kuupeleka kazini kesho yake.

Kuli Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kwa makini, na ninamuunga mkono Bi Mkunga kuhusu ushahidi. Hata hivyo, ninyi nyote mnazungumzia mambo madogo: faini na neti. Nimefanya kazi Kilindini hadi nikastaafu, nimeyaona marobota ya mitumba yakishushwa mwaka baada ya mwaka, na swali lililokuwa likinisumbua ni kwa nini sisi tunapokea nguo zilizovaliwa badala ya kushona zetu na kuzipakia melini.

Kati ya waandishi hawa, Chang ndiye anayeligusa swali hilo. Anakumbusha kwamba Uingereza na Marekani zilivilinda viwanda vyao kwa ushuru mkubwa wa forodha kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuwahubiria wengine biashara huria. Anawalinganisha pia madereva wawili wa basi, Ram wa New Delhi na Sven wa Stockholm, ambaye hulipwa karibu mara 50 ya Ram. Ram huenda ni hodari zaidi, kwani hupita katikati ya ng'ombe na mikokoteni, wakati Sven ana barabara iliyonyooka. Chang anasema mshahara wa Sven unalindwa na sheria za uhamiaji zinazomzuia Ram kwenda kushindania kazi ile, na unabebwa na nchi iliyomzunguka, yaani viwanda vyake, mitambo yake na taasisi zake. Msomeeni sura hiyo yule dereva wenu wa tuktuk. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba yeye ni maskini kwa sababu hafanyi bidii anastahili kuisoma.

Bint Likoni

Naongeza cha nne kwa ufupi: The Undercover Economist cha Tim Harford. Sura yake ya msongamano wa magari inatuhusu sisi tunaovuka feri kwa miguu bila nauli na kulipa kwa muda wa foleni. Pia ana sura kuhusu Kamerun, ingawa kwangu sehemu za mwanzo, zenye mikahawa ya London, zilikuwa mbali kidogo.

Mkunga wa Kisauni

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako ni mazito, na ni kweli kwamba Banerjee na Duflo husema machache kuhusu bandari na ushuru. Lakini sura fupi za Chang zina kasoro yake: kila moja hufungua kwa maoni ya wapinzani, na mara nyingi maoni hayo huelezwa kwa namna ambayo wenyewe wasingeyaeleza. Kikundi kisichokuwa na mchumi ndani yake kitakubali kila kitu. Ningependa wasome naye mtu mwenye umri na kumbukumbu kama zako, atakayeweza kubisha.

Msomaji wa Tudor

Ahsanteni sana. Tutafungua na sura ya Ram na Sven kwa mkutano mmoja, kisha tuingie Poor Economics. Freakonomics nitakiazimisha kwa atakayetaka, pamoja na maelezo ya Bi Mkunga. Mzee, ukiwa na nafasi Jumamosi baada ya alasiri, kiti chako kipo.

Kuli Mstaafu

Marahaba, Bi Mkunga. Mwalimu, nitakuja, inshallah. Nitumie sura hiyo mapema, kwa herufi kubwa.

Mhasibu wa Makadara

Nimeridhika, Mwalimu. Ombi langu ni moja: msiruke sura ya akiba katika Poor Economics, ile inayoeleza kwa nini maskini hujenga nyumba tofali kwa tofali kwa miaka mingi badala ya kuweka fedha benki. Mama wa Kongowea atakuwa na mengi ya kusema hapo, na ningewashauri mumwache aongoze yeye.