Mtoto mwenye homa na dripu: tuache kuidai, au ni haki yetu?

Mleta mada, Tanga

Jamani, naomba tulijadili hili bila kugombana. Jumanne mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na homa. Jioni nikampeleka zahanati moja ya mtaani, wakampima, malaria ikaonekana. Alikuwa amelegea lakini anakunywa: alimaliza kikombe cha uji nikiwa nimempakata pale kwenye benchi. Mhudumu akaniambia, "Mama, tumtundikie dripu mbili apate nguvu." Nikakubali, nikalipa.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho kilichonileta hapa. Chupa ya nusu lita ilitundikwa kwenye msumari wa dirisha, kile kigurudumu cha kwenye mrija kikafunguliwa chote, matone yakawa hayahesabiki tena, ni mstari wa maji tu. Haikuchukua saa nzima ikawa imekwisha. Mwanangu ana kilo 13. Piga hesabu: ni zaidi ya mililita 38 kwa kila kilo ya mwili wake. Asubuhi kope zake zilikuwa zimevimba. Amepona, namshukuru Mungu. Chupa ya pili niliikataa kwa sababu hela ilikuwa imeniishia, si kwa sababu nilijua lolote.

Mdogo wangu anasomea utabibu. Nilipomsimulia akaniuliza kama nimewahi kusikia utafiti wa FEAST. Sikuwahi. Kumbe sehemu yake ilifanyika Muheza, hapo tu ukitoka Tanga mjini, katika hospitali ya Teule. Hospitali nyingine zilikuwa Kilifi kule Kenya, na nne za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Waliingizwa watoto 3,141, wa miezi miwili hadi miaka 12, wote wana homa kali na dalili kwamba damu haizunguki sawasawa: viganja na nyayo za baridi, moyo unakimbia, ukibonyeza kucha rangi inachelewa kurudi. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza walimiminiwa maji ya chumvi ya hospitalini kwa haraka ndani ya saa ya kwanza, mililita 20 hadi 40 kwa kilo. La pili walimiminiwa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa kiasi hichohicho. La tatu hawakumiminiwa. Walipewa maji ya polepole tu. Dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni na damu, aliyehitaji alipata, awe kundi lolote.

Januari 2011 kamati inayolinda usalama wa utafiti iliusimamisha kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji ya chumvi, asilimia 10.6 ya waliomiminiwa albumini, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Watoto watatu zaidi katika kila mia, kwa kitu ambacho sote tulikuwa tunakiita msaada.

Na najua imani yetu tumeitoa wapi. Nilipokuwa mdogo malaria kali ilitibiwa kwa kwinini, na kwinini ilipitishwa ndani ya dripu kwa saa kadhaa. Mtoto akiamka, mama alikuwa ameikodolea macho chupa usiku kucha, basi sifa ikaenda kwa chupa. Siku hizi ni sindano ya artesuneti. Inaingia mshipani kwa dakika chache na haihitaji chupa. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, ulionyesha artesuneti inaokoa zaidi: walifariki asilimia 8.5, wakati kwa kwinini walifariki asilimia 10.9. Dawa imebadilika, sisi bado tunaiulizia chupa.

Msimamo wangu ni huu: mtoto mwenye homa anayeweza kunywa asitundikiwe dripu, zahanati inayomtundikia iulizwe, na sisi wazazi tuache kuidai. Nipingeni.

Baba wa watatu, Mwanza

Pole kwa kuuguza, dada. Ila mimi napinga, na napinga kwa nguvu. Binti yangu wa pili yuko hai kwa sababu ya dripu. Alikuwa na mwaka mmoja, ana homa, macho yameingia ndani, halii hata machozi. Tulifika kituo cha afya saa nane usiku, nesi akahangaika kutafuta mshipa mpaka akaupata kichwani. Chupa ilipoanza kushuka nilimwona mwanangu akirudi, mbele ya macho yangu. Leo yuko darasa la kwanza. Sasa mtu aje na asilimia zake aniambie dripu inaua?

Mkiandika hivi mitandaoni kuna mzazi atasoma nusu, akifika hospitali atakataa mwanawe asitundikiwe, na mtoto atamfia mikononi. Hilo mmelifikiria?

Nesi, wodi ya watoto

Baba wa Mwanza, hongera kwa kumuwahisha binti. Naomba nikuulize, na usinijibu haraka: alikuwa anaharisha?

Nauliza kwa sababu watoto wa kuharisha hawakuingizwa kabisa katika utafiti anaoutaja mama hapo juu. Wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyeharisha hadi macho yakaingia ndani amepoteza maji kwelikweli. Huyo maji ni dawa yake. Akiweza kunywa apewe ORS, akishindwa kabisa awekewe ya mshipa, na hapo hatubishani. Tena baada ya hapo apewe zinki siku 10 hadi 14, jambo ambalo wazazi wengi wanaliacha mara tu choo kinapokuwa kigumu.

Mtoto wa homa hajapoteza maji namna hiyo. Mwili wake unaungua kwa maambukizi, moyo umeelemewa, halafu wewe unamwongezea mzigo wa lita nzima. Watafiti walipochambua vifo vile walitegemea kukuta maji yamejaa mapafuni au ubongo umevimba. Walichokikuta kwa wingi ni mzunguko wa damu kuanguka.

Kuna jambo jingine linaloniuma kila nikilikumbuka. Saa moja baada ya kuanza, asilimia 43 ya watoto waliomiminiwa maji walikuwa wametoka kwenye zile dalili za mshtuko, yaani damu kutozunguka sawasawa, dhidi ya asilimia 32 ya ambao hawakumiminiwa. Yaani walionekana wanapata nafuu. Ungekuwa pale ungesema dawa imefanya kazi. Vifo vikaja baadaye, usiku, zamu nyingine. Ndiyo maana mimi niliyekaa wodini miaka kumi na mbili siwezi kusema "nimeona kwa macho yangu". Macho yangu yaliona saa ya kwanza.

Na mleta mada, mdogo wangu, nikukosoe kidogo. Si kila chupa unayoiona imetundikwa ni ya kumimina. Mtoto wa malaria kali sukari inashuka, hawezi kunywa, anapewa glukosi. Mwingine anapewa maji ya polepole kwa sababu hamezi. Mwingine damu. Ukisema tu "dripu" unavichanganya vitu vinne. Ubaya uko kwenye kile kigurudumu kilichofunguliwa chote kwa mtoto anayekunywa uji.

Tabibu, Kilifi

Mimi naunga mkono mada lakini hoja ina tundu, na afadhali tulizibe sisi kabla wengine hawajalipanua. Watoto wa FEAST walikuwa mahututi. Mtoto wako dada hakuwa mahututi. Huwezi kuchukua asilimia za wale ukampachika huyu. Utafiti haukusema mtoto wa uji atakufa kwa chupa moja. Unachoweza kusema, na kinatosha, ni hiki: kama maji ya haraka hayakumsaidia hata yule aliyeonekana kuyahitaji kuliko wote, basi asiyeyahitaji anauziwa nini?

Kwa upande wa miongozo, hapo ndipo penye ubishi hasa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake kipya cha hospitali mwaka 2013, miaka miwili baada ya matokeo, na bado kikaruhusu maji ya haraka kwa mtoto mwenye dalili zote tatu za mshtuko: viungo vya baridi, kucha kuchelewa zaidi ya sekunde tatu, mapigo dhaifu na ya kasi. Profesa Sarah Kiguli wa Makerere na wenzake waliandika mwaka 2014 kuuliza kwa nini ushahidi uliotoka hapa kwetu umeachwa kando. Mwaka 2016 mwongozo ukarekebishwa: mwenye dalili moja au mbili tu asimiminiwe kwa haraka, mwenye zote tatu apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, taratibu, kwa dakika 30 hadi 60.

Wanaotetea mwongozo wanasema waliokuwa na dalili zote tatu katika utafiti walikuwa 65 tu, ni wachache mno kuamulia. Ni kweli ni wachache. Lakini kati ya hao, waliomiminiwa walifariki 24 kati ya 50, na ambao hawakumiminiwa 3 kati ya 15. Mimi ningekuwa ndiye naandika mwongozo, nisingelala kwa raha na hesabu hiyo.

Ulaya na Marekani bado wanamimina, kwa sababu wana mashine ya kumpumulia mtoto na dawa za kuinua presha pembeni ya kitanda. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 umetenganisha: penye chumba cha wagonjwa mahututi, sawa, pasipo, na presha haijashuka, usimimine. Wapo wanaosema huku ni kuwapa watoto wetu matibabu ya daraja la pili. Mimi nasema kinyume: huku ni kuwatibu kwa ushahidi uliopatikana kwao wenyewe.

Mama wa Malindi

Nyote mwazungumza kwa asilimia. Mimi nina swali moja. Wale watoto waliokufa baada ya kumiminiwa, wazazi wao walijua kuwa mtoto yuko ndani ya utafiti?

Tabibu, Kilifi

Mama, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Mtoto akifika anakata roho, mzazi hawezi kusoma karatasi za kurasa kadhaa. Kwa hiyo mzazi aliombwa kukubali kwa mdomo kwanza, na ridhaa kamili ya maandishi ikaombwa baadaye, mtoto akishatulia. Kamati za maadili ziliridhia utaratibu huo. Aliyefariki kabla ya hapo, mzazi wake hakufuatwa tena na fomu.

Mama wa Malindi

Basi yuko mama amezika mwana na hajui alikuwa kundi gani.

Tabibu, Kilifi

Yuko, mama. Sikatai. Ninachoweza kukwambia ni kuwa kabla ya utafiti ule, maji ya haraka ndiyo yaliyokuwa yakifundishwa kama matibabu sahihi, na yangeendelea kutolewa bila mtu yeyote kuhesabu vifo.

Mama wa Malindi

Nimekusikia, mwanangu. Mimi si mpinzani wa utafiti. Lakini kama watoto wetu ndio waliolipa ili hili lijulikane, kwa nini mimi nalisikia leo, miaka yote hii, tena mtandaoni? Kliniki kila mwezi twafundishwa kunyonyesha, chandarua, chanjo. Hili la maji hakuna aliyelitamka.

Nesi, wodi ya watoto

Mama, umenigusa. Ni kweli hatulisemi. Nitakwambia sababu, ingawa si nzuri. Mzazi akifika wodini na mwanawe asiwekewe chupa, anaona hajahudumiwa. Ananiambia "mbona mmemtelekeza?" Kuna aliyemchukua mtoto usiku akampeleka kwingine kwa sababu tulimpa sindano ya artesuneti na kikombe cha kunyweshea. Kikombe kinaonekana ni dharau. Mtu aliyetoka mbali kwa bodaboda, amekopa nauli, anataka kuona kitu kimetundikwa. Na zahanati za mtaani zinalijua hilo vizuri, chupa ina bei yake kwenye risiti, kikombe hakina.

Kwa hiyo nikimwona mleta mada anasema tuwaulize wauzaji, nakubali. Lakini sisi wa wodini tumekaa kimya ili tusigombane na wazazi, na kimya chetu ndicho kinachowapa soko.

Mleta mada, Tanga

Nakubali marekebisho yote mawili. Si kila chupa, na si kila mtoto. Nauliza swali la mzazi aliyesimama pale mapokezi saa mbili usiku: niseme nini?

Nesi, wodi ya watoto

Uliza mambo matatu, kwa upole. Hii chupa ni ya nini: maji, sukari, damu au dawa? Itaingia kwa muda gani? Na je, akinywa kwa kikombe haitoshi? Mhudumu anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Na Baba wa Mwanza yuko sahihi kwa jambo moja, asibezwe: mtoto asiyeweza kunywa kabisa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, asiyeamka, anayepumua kwa shida, au mwenye macho yaliyoingia ndani kwa kuharisha, huyo usikae naye ukajadili. Mkimbize, na hospitali ikisema awekewe, awekewe.

Baba wa watatu, Mwanza

Sikujibu jana kwa sababu nilikwenda kutafuta karatasi za binti yangu. Mama yake ameziweka pamoja na kadi ya kliniki. Ile ya ruhusa imeandikwa: kuharisha, kutapika, upungufu mkubwa wa maji. Homa imetajwa mstari wa chini kabisa. Mama yake anasema aliharisha siku mbili. Mimi nilikuwa safarini, nilifika usiku ule ule nikakuta mwili wa moto, nikajua ni homa.

Kwa hiyo nesi umepatia. Na mimi miaka yote hii nimekuwa nawasimulia watu kwamba dripu ilimponya homa. Mwezi uliopita shemeji yangu aliniuliza kuhusu mwanawe, nikamwambia asitoke pale bila kutundikiwa. Mtoto hajambo. Lakini nampigia sasa hivi.