Re: Barua ya UI (bima ya waliopoteza kazi, Marekani), wamenihesabia mshahara mdogo

Fundi Foklifti: Wakuu, salamu. Nimepunguzwa tena. Barua ya UI nimeisoma nimesimama pale pale kwenye sanduku la posta: ghala la kwanza, miaka 9, dola 31 kwa saa, halimo kabisa. Zimo robo mwaka 4 za hii kazi ya dola 19 tu. Nikate rufaa au niombe ABP, kile kipindi mbadala cha kuhesabu mshahara?

Mama Wawili: Pole kaka. Mara ya kwanza hukuomba?

Fundi Foklifti: Sikuomba dada. Niliambiwa itaniharibia I-485, ombi langu la green card.

Mzee wa Zamu ya Usiku: Na nani? UI si msaada wa serikali, ni kodi aliyolipa mwajiri. Tumeliandika hapa mara ngapi! Na ABP haikusaidii: inachukua robo 4 za mwisho zilizokamilika, zote za dola 19. Hesabu ya kawaida ni 4 za kwanza kati ya 5 za mwisho. Ungeomba wakati ule, za dola 31 zingeingia.

Mama Wawili: Shikamoo Mzee, usimgombeze. Mimi kiwanda kilifungwa nikiwa na miaka 11 kazini. Wiki ya 6 nikapata kazi, watu hongera, hongera. Naanza chini kama aliyeshuka jana kwenye ndege, zamu nzuri wanachukua wa zamani. Kule nilikuwa nikisikia mlio tu najua beringi ya mashine ipi imechoka. Huku sikio hilo halilipwi.

Msomaji: Wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan waliliandika 1993. Wafanyakazi wa Pennsylvania waliodumu miaka 6 au zaidi, kampuni ikiyumba wakatoka, kipato chao cha mwaka kilibaki chini kwa wastani wa asilimia 25, hata miaka ilipopita.

Mzee wa Zamu ya Usiku: Na lafudhi ya kigeni hawakuwa nayo. Ngojeni pensheni ya SSA (hifadhi ya jamii), wanapiga hesabu kwa miaka 35 bora ya mshahara. Wagombea nao, wakitaka kura wanavaa helmeti. Kiwanda kikifungwa huwaoni.

Mama Wawili: Nyumbani bado natuma kiasi kile kile cha kiwandani. Mama alisikia "nimepata kazi", kwake yameisha.

Fundi Foklifti: Jamani, rufaa mwisho Ijumaa. Nitume kwenye akaunti yangu ya mtandaoni au kwa faksi?

Mama Wawili: Faksi? Kwani bado zipo?