Mtoto analia mguu kila usiku, skana imeonyesha uvimbe usio wa saratani. Apasuliwe hapa Lubumbashi au tutafute sindano ya kuuchoma uvimbe kwa moto?

Mama_Katuba:
Jambo yenu wote. Kijana wangu ana miaka sita. Tangu masomo yafunguliwe analalamika mguu wa kushoto. Mchana anacheza na wenzake, ingawa siku hizi anachechemea. Ikifika usiku wa manane anaamka analia, ameshika mfupa wa mbele, chini ya goti. Nikimpa ibuprofeni, muda si mrefu analala fofofo.

Pale tulipoanzia waliona kwenye radio (picha ya eksirei) mfupa umenenepa, wakasema ni usaha, akachomwa sindano za antibiotiki mpaka akawa akiona koti jeupe anakimbia. Na homa hakuwa nayo hata siku moja! Bibi yake naye anasema mtoto amerogwa. Mwishowe dokta mwingine akaagiza skana: ndani ya ule unene kuna kijitundu, amekipima milimita nane. Anasema ni uvimbe mdogo wa mfupa usio wa saratani, unaitwa osteoidi osteoma, anataka kupasua. Baba yake amesikia kuna sindano inayochoma uvimbe bila kupasua, ila kwenda kuitafuta mbali itabidi tuuze kiwanja. Nisaidieni mawazo.

Yaya_Kipushi:
Mimi nilisikia huo uvimbe hufa wenyewe. Endelea na ibuprofeni, acha kiwanja chako.

Fundi_wa_Radio:
Yaya, ni kweli hufa wenyewe, lakini huchukua miaka. Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa miaka bila usingizi, na hizo dawa zikizoeleka huumiza tumbo na figo. Tena kwa watoto wadogo, uvimbe ukiwa karibu na sehemu mfupa unaporefukia, mguu mmoja unaweza kuupita mwingine.

Mama Katuba, pole sana. Nafanya kazi kwenye chumba cha skana, si daktari, ila hili nimelifuatilia. Maumivu ya usiku yanayokubali ibuprofeni ndiyo dalili yake kubwa, kwa sababu kile kiini cha uvimbe (hicho kijitundu) hutoa kemikali za maumivu ambazo dawa hiyo inazizuia. (Aspirini ilisifiwa zamani kwa kazi hiyo, lakini mtoto asipewe, inaweza kumdhuru ini na ubongo.) Kuchanganywa na usaha wa mfupa ni jambo la kawaida, picha zinafanana mno.

Hiyo sindano ipo. Ilianzia Boston, Marekani, wakaitangaza mwaka 1992. Mtoto analalishwa kabisa, maana kiini kikiguswa kinauma vibaya hata chini ya ganzi ya kawaida. Wanatoboa mfupa wakiongozwa na skana, wanapitisha sindano mpaka katikati, ncha inapashwa moto hadi kama nyuzi 90 kwa dakika tano, sita hivi. Basi. Watoto tisa kati ya kumi, au zaidi, hupona kwa mara ya kwanza. Wachache hurudiwa.

Ila kwa mtoto wako kuna jambo moja la kuangalia: mfupa wa mbele wa mguu uko chini ya ngozi tu. Joto likifika juu, ngozi inaungua. Muulizeni dokta kiini kiko umbali gani kutoka ngozini, na umbali gani kutoka sehemu ya kukulia.

Sasa kupasua. Ugumu wake ni kwamba daktari akifungua, kiini hakionekani, mfupa mgumu umekizunguka wote rangi moja. Kwa hiyo anakata zaidi ili asikose, mfupa unadhoofika, mtoto anafungwa plasta. Lakini kuna njia ya katikati ambayo watu hawaizungumzii: kukitoboa kile kiini na kukitoa kwa keekee ya mfupa, kupitia tundu dogo, mtoto akiwa kwenye skana. Haihitaji mashine ya kuchomea. Inahitaji skana, daktari wa mifupa na wa usingizi, basi. Uliza hiyo kabla ya kuuza kitu.

Papa_Ruashi:
Wa kwangu alichomwa Afrika Kusini, uvimbe ulikuwa pajani. Kabla ya kuchoma walitoa kipande cha kupeleka maabara. Jioni aliomba mkate, kesho yake tukatoka. Kovu ni dogo kuliko la chanjo ya BCG. Usiku wa pili alilala bila dawa, mimi ndiye nilikuwa namwamsha kuona kama yuko sawa. Kilichotushinda ni kumzuia asiruke, maana mfupa ulikuwa bado na tundu.

Yaya_Kipushi:
Na gharama, papa?

Papa_Ruashi:
Safari na malazi vilitumaliza kuliko hospitali yenyewe. Ndiyo maana namuunga mkono Fundi.

Mama_Katuba:
Aksanti sana. Nimerudi kwa dokta na maswali yenu. Ya keekee anaijua, kaiona ikifanywa, ila anataka aongee kwanza na mtu wa usingizi aliyezoea watoto. Umbali kutoka ngozini haukuandikwa kwenye karatasi.

Fundi_wa_Radio:
Karatasi haitoshi, mama. Dai CD ya picha zenyewe, na hakikisha zimekatwa vipande vyembamba, milimita moja au mbili. Vikiwa vinene, hakuna atakayepima sawasawa, hapa wala Afrika Kusini.