Naomba ushauri: bakteria wa kuchovya mbegu za miwa

Wakuu habarini, nina eka 3 za miwa huku Kilombero, maotea yametoka membamba kama fimbo, majani ya chini njano, na yurea bei haishikiki kabisa. Sasa nimesoma kwamba Brazili mwaka 1988 mtafiti Johanna Döbereiner na mwenzake walitangaza bakteria anayeishi ndani ya muwa wenyewe, siku hizi anaitwa Gluconacetobacter diazotrophicus, anashika naitrojeni ya hewani mmea unaitumia, nimefurahi mno jamani. Nataka kung'oa nipande upya, je kuna aliyewahi kuchovya pingili kwenye bakteria wa hivi? Mliloweka muda gani, na nikitumia dawa ya fangasi siku hiyohiyo si nitawaua? Yurea nipunguze au niache kwanza?